Siku ya Kuyeyusha Kromiamu

Aibu hii hata mama yangu kule Mdandu sijamsimulia, kwa hiyo chekeni taratibu.

Nilikuwa mgeni kazini, mkemia katika kiwanda kimoja cha nguzo za umeme Makambako, bado niko kwenye muda wa majaribio. Dawa tunayotia nguzo zisiliwe na mchwa ina kromiamu, si ile ya chuma bali iliyoungana na oksijeni, chengachenga nyekundu iliyokolea, na stoo yake ilipakana na tanuri la kukaushia mbao. Meneja akaniuliza, "Binti, hii kitu inayeyuka kwenye nyuzi ngapi? Tusije tukaunguza watu." Jibu lipo vitabuni, lakini yeye alitaka tupime ile ile yetu, maana ilikuwa imekaa sana. Kifaa hatuna, basi nikaomba maabara ya chuo kimoja Njombe mjini, kwa Madam Mgaya aliyewahi kunifundisha.

Siku yenyewe meneja akaja na wakaguzi wawili wa usalama. Mimi nimependeza, wigi jipya mpaka mgongoni (Madam alinipa kofia ya maabara, nikaitia mfukoni, nani afunike wigi kama lile?). Nikawa najaza dawa kwenye kijibomba chembamba cha kioo, nyingine ikamwagika mezani. Madam alikuwa ameinama anawasha kifaa. Nikaona nisionekane mchafu mbele ya wageni, nikachovya pamba kwenye spiriti, nikafuta haraka haraka.

Jamani, ile dawa na spiriti havipatani! Pamba ikawaka mkononi, nikairusha juu bila kuangalia, na kumbe juu ndiko kichwa changu kilipo, na wigi lenyewe nailoni tupu, kwa hiyo kilichoyeyuka kwanza siku ile hakikuwa kromiamu. "Vua! Vua!" Madam akapiga kelele, na kabla sijaelewa nivue nini akalichomoa kwa mkono mtupu, akalitupa kwenye sinki, akanisukumia kichwa chini ya bomba, na maji ya Njombe mwezi wa saba mnayajua. Nikainuka natiririka, nusu ya kichwa mabutu, nusu nimefumua, wakaguzi wameduwaa, meneja kajibana ukutani. Nikalia kama mtoto.

Madam akanifunga kitenge chake kichwani. "Umeungua?"

"Hapana, Madam."

"Basi vaa glavu na miwani, tunaanza upya. Kuna watu wanafanya kazi jirani na hiyo stoo."

Mkono wake ulikuwa umetoka lengelenge. Akauficha kwenye koti.

Tukapima. Ikayeyuka karibu na nyuzi mia mbili, kama vitabu vinavyosema. Ukuta wa tanuri haufiki huko, lakini wakaguzi, kwa walichokiona, wakaagiza stoo ihamishwe, na spiriti, mafuta wala matambara visiisogelee. Meneja alitaka kunirudisha nyumbani. Madam akamwambia, "Huyu sasa hatarudia. Ukimchukua mwingine, atarudia."

Nikabaki. Na naapa, sigusi tena kemikali kabla sijajua haipatani na nini, hata awepo mgeni gani.

Pasaka iliyopita nilimpelekea Madam viazi nyumbani kwake Mjimwema. "Kamwene," akanisalimia getini, nami nikaitikia, lakini mumewe alikuwa barazani na shemeji zake wanakunywa chai, nikajua leo nimekwisha, kisa cha wigi kitasimuliwa. Madam akanishika bega, akawaambia, "Huyu ni mwanafunzi wangu, mkemia wa Makambako."

Akanimiminia chai.