Nguzo wa Daraja la Pili

Walimwita Nguzo, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Mlango wa chumba chake mwenyewe ulimtaka ainame, na kiwandani, alikopiga pasi mashati kutwa, fundi alilazimika kuinua meza yake kwa vipande vya mbao asije akapinda mgongo. Jumamosi, wenzake wakienda kujilaza, yeye alivaa sketi ya buluu akaenda kucheza mpira wa pete. Alikuwa mlinzi wa goli wa timu ya daraja la pili.

Daraja la pili, na timu haikuwahi kupanda. Hilo ndilo lililowapa watu maneno. Zamani, akiwa msichana, aliwahi kuitwa kambi ya timu ya taifa. Alikwenda na begi la kuazima, akarudi kabla hata nguo za akiba hazijaguswa. "Mzito wa kugeuka," walimwambia huko. Akarudi kwenye timu yake, akageuka vile vile kwa uzito wake, mwaka baada ya mwaka.

Aliyemsema kuliko wote alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, muuza vitambaa, mwanamke wa moyo mwema na mdomo usio na breki.

"Ungekuwa unachezea taifa, wifi yangu, ningenyamaza," alikuwa akisema. "Lakini mama mzima unarukaruka na sketi fupi, halafu hata kombe la plastiki huna! Huo ni mchezo au ni ugonjwa?"

Mumewe, fundi friji, maneno hayo yakianza, alizipangua bisibisi zake na kuzipanga upya, kana kwamba ndiyo kwanza anaziona.

Msimu ule ulikuwa mbaya tangu mwanzo. Goti la kulia lilianza kumsumbua. Alilifunga bandeji, akamficha kocha, akamficha mume, ila ngazi za kiwandani hakuweza kuzificha: alizishuka ubavuubavu kama kaa. Timu nayo ilikuwa inachechemea. Mechi ya mwisho ikafika huku hesabu ikiwa moja tu: wakifungwa, wanashuka daraja la tatu.

Zilibaki sekunde chache, matokeo sare. Mfungaji wa wapinzani akapokea mpira chini ya pete, akainua mikono. Nguzo akaruka. Mwili ulipanda, goti likabaki nyuma, akamwangukia mfungaji yule mkononi na kugaragara naye chini. Filimbi ikalia.

Katika mchezo huo, mlinzi akikosea hivyo, anasimamishwa kando ya mfungaji, mikono chini, na haruhusiwi kunyanyua hata kidole mpaka mpira urushwe. Basi akasimama pale, mrefu kuliko wote uwanjani, akautazama mpira ukipanda, ukagonga chuma, ukazunguka, ukaingia.

Kumbe kuna mtu alikuwa anarekodi. Kabla jasho halijamkauka, simu za mtaa mzima zilikuwa na picha yake akianguka, na chini yake maandishi: *Nguzo imelala, nyumba imebomoka.* Jumatatu wapiga pasi wenzake waliicheza na kuirudia. Mmoja akamwuliza kama kuna kitu alidondosha pale chini. Akacheka nao, maana asiyecheka aibu yake huchekwa mara mbili. Lakini siku hiyo aliunguza kola, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kumtokea.

Jumapili wifi akaja. Hakuja na utani. Aliketi, akaweka mkoba mapajani, akasema polepole.

"Mteja wangu alinionyesha ile video. Hajui kama wewe ni wifi yangu. Nikacheka naye, nifanyeje? Alipoondoka, nikaenda nyuma ya duka nikalia. Unataka tukuchekee mpaka lini?"

Nguzo akamgeukia mumewe. Alitaka neno moja tu, hata la uongo.

"Dada hajakosea yote," mume akasema, macho sakafuni. "Goti nimeliona siku nyingi. Nakusikia unavyougulia ukijigeuza kitandani."

Yalikuwa maneno ya huruma, lakini sikio lenye kidonda halichagui. "Na wewe?" akasema. Akaingia chumbani, na haraka ile ikamsahaulisha kuinama. Paji la uso likagonga kizingiti cha juu, puu! Hakuna aliyecheka.

Siku chache baadaye alikwenda kupimwa. Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alimwonyesha picha ya goti kwenye mwanga.

"Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika. Kutembea utatembea, mama, ukijitunza. Kuruka, hapana."

"Hata msimu mmoja?"

"Hata mazoezi."

Njiani kurudi, lililomchoma halikuwa goti. Alijua sasa kila aliyewahi kumwambia aache ataamini kwamba ameacha kwa sababu aliambiwa. Wangesema, "Si tulisema?" Na angewajibu nini? Kombe hana, picha gazetini hana. Ana ile video tu.

Timu ilikutana kufunga msimu katika darasa la shule iliyo jirani na uwanja. Madawati yalikuwa ya watoto. Nguzo aliketi upandeupande, miguu yake ikiziba njia. Kocha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya watu watatu, akamwambia, "Haya, mama. Sema neno."

Alikuwa amejiandaa kuomba msamaha. Akaanza, "Jamani, ile penalti..."

"Tumeshashuka, dada," mchezaji mmoja akamkatiza. "Usitushushe tena."

Darasa likaangua kicheko, naye akacheka, na hotuba aliyoibeba kichwani tangu nyumbani ikapotea. Akabaki amesimama mikono mitupu. Kilichomtoka hakuwa amekipanga.

"Nilipokuwa msichana nilitembea nimejikunja," akasema. "Mama alikuwa akinipiga mgongoni, 'Nyooka!', lakini nikinyooka watoto wananiita mlingoti. Kwenye picha ya darasa nilipiga magoti. Siku moja mwalimu wa michezo akanishika bega, akanisimamisha chini ya pete, akaniambia, 'Nyoosha mikono. Tena. Juu zaidi.' Sikuwahi kusikia mtu akinitaka niwe mrefu zaidi." "Basi ni hilo. Kila Jumamosi nilikuwa na mahali ambapo sikuhitaji kuinama. Daraja la ngapi, mimi sijui. Nashukuru."

Kocha alifuta ubao uliokuwa umeshafutwa.

Wifi alipopata habari kwamba ameacha mpira, alikuja amechangamka. "Afadhali umepumzika. Si nilikuambia?"

"Ulisema, wifi. Lakini nimeacha kwa ajili ya goti. Lingekuwa zima, Jumamosi ungeniona na sketi yangu."

"Baada ya aibu yote ile?"

"Baada ya aibu yote ile. Na kushukuru nashukuru."

"Unashukuru nini? Kombe liko wapi?"

"Halipo."

Wifi akatikisa kichwa. Hakuelewa. Wakazungumza bei ya vitambaa.

Msimu mpya ulipoanza, Jumamosi zilimwelemea. Ya kwanza alifua mapazia. Ya pili alipiga pasi kila kilichomo ndani, hata matambara ya jikoni. Alikuwa na nguo ya mwisho mikononi pale mumewe aliposimama mlangoni, kavaa viatu.

"Twende."

"Wapi?"

"Uwanjani. Wanacheza leo."

"Siwezi kukaa nje mimi."

"Mimi nimekaa nje miaka yote hii," mume akasema. "Sijafa."

Nguzo akaacha pasi ikiwa imesimama. Hakuwahi kulifikiria hilo. Akiwa chini ya pete hakutazama watazamaji; macho yalikuwa kwenye mpira. "Ulikuwa unakaa wapi?"

"Upande wa vyoo. Dada akipita asinione."

Akataka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na katikati ya kicheko machozi yakageuka kuwa ya kweli. Mumewe alizima pasi.

Uwanja wa daraja la tatu haukuwa na hata benchi. Walisimama kwenye kamba iliyozungushiwa uwanja. Chini ya pete alikuwepo binti mpya, amevaa fulana ile ile aliyoivaa Nguzo, ikimpwaya mabegani. Mpira wa kwanza ukampita. Wa pili ukampita. Jamaa mmoja nyuma yao akapaza sauti, "Mtoeni huyo! Mnatuletea mti wa kuanikia nguo!"

Nguzo alihisi tusi lile likimwingia yeye. Goti lilikuwa linamuuma kwa kusimama tu, na alitamani kuwa ndani ya mistari ile hata kwa dakika moja, hata kama ni kuanguka. Hamu hiyo haikuondoka, na alijua haitaondoka leo wala kesho. Akashika kamba kwa mikono miwili.

"Mikono juu, mwanangu!" akapiga kelele. "Juu zaidi!"

Binti hakugeuka. Mpira wa tatu ukaja.