Mwanasesere Aliyefukiwa Nyuma ya Jiko

Nilimkuta anazika.

Ametulia tuli, kijiko mkononi, anamfukia mwanasesere wake nyuma ya jiko. Mpaka nywele zikapotea.

Kisha akachota maji kwa kikombe, akamwagia. Akachuchumaa. Akasubiri.

Huyu ni binti wa marehemu dada yangu. Mimi ni mama yake mdogo. Tangu tutoke makaburini hakuwa ametamka neno.

Na mimi, kusema kweli, nilikuwa nimekufa ganzi. Nakula, sijui ninachokula. Msibani watu walilia, mimi nikapanga viti.

Mama yangu, bibi yake, akatokea mlangoni. Alipoona lile tuta, sufuria nusura imponyoke.

"Tena? Huyu mtoto anatuitia msiba mwingine!"

"Mama, anacheza tu."

"Kuzika ni mchezo? Leo hilo dubwana linaingia motoni."

"Naomba, mama. Mimi nimesomea watoto wadogo..."

"Umesomea, umesomea! Kumbe muda wote ule chuoni ulikuwa unasomea kucheza?"

Ningekuwa mzima ningecheka.

"Ndiyo, mama. Mtoto hulilia kwenye mchezo wake. Ukiuchoma, atalilia wapi?"

Akasonya. "Nikimaliza kupika, nachoma."

Basi nikakaa chini, kwenye tope, na sketi yangu ya kwendea usaili. Chuoni walitufundisha: usimhoji mtoto anayecheza. Omba kazi kwenye mchezo wake.

"Bosi, nipe kazi."

Akanitazama weee. Akaninyooshea kikombe.

"Mwagia."

Jamani, sauti ile! Ilikwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nikamwagia. Moyo sijui uko wapi.

"Tunamwagia ili iweje?"

Akanishangaa, kana kwamba mimi ndiye mtoto.

"Si aote!"

Nikakiweka kikombe chini.

Kabla ya msiba, mimi na yeye tulipanda maharage kwenye kopo. Nilimfundisha mwenyewe: tunafukia, tunamwagia, tunasubiri. Yalipochomoza aliruka uani kote.

"Mama walimfukia," akasema. "Lakini hawakumwagia maji. Mimi niliona."

Sisi tulidhani anazika. Kumbe alikuwa anapanda. Anajaribu kwanza kwa mwanasesere. Ikikubali, aende na kikombe chake kaburini kwa mama yake.

Uongo ulikuwa karibu, mtamu. Nikauacha.

"Harage ni mbegu, mwanangu. Mtu si mbegu. Mama haoti. Harudi."



Akaanza kufukua kwa vidole. Akampangusa mwanasesere udongo machoni.

"Basi huyu ana baridi," akasema.

Ndipo akalia. Kilio cha mdomo wazi, cha kwanza tangu msiba.

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini. Nikatafuta kiberiti mkononi mwake.

Hakuwa nacho. Alishika kitambaa cha kichwa cha dada, kile alichokifungia kabatini baada ya msiba asikiguse mtu.

"Mfunikeni," akasema.

Akajikunyata, akakaa topeni na magoti yake mabovu.

"Na mimi nipeni kazi."

Siku hizi mwanasesere yule ana shughuli kuliko mimi. Jana rubani, leo fundi cherehani, na kile kitambaa ndiyo mabawa, ndiyo kitanda cha wagonjwa. Mama hushonewa magauni ya majani, na anayapima kweli.

Mimi ganzi haijaisha. Ila siku ile niliponawa tope, nilisikia ubaridi wa maji.

Ukimkuta mtoto anacheza mchezo unaokutisha, usimnyang'anye. Kaa chini, uchafuke, uombe kazi. Huenda anatengeneza kitu ambacho sisi wakubwa tumeshindwa hata kukigusa.