Hamira Iliyoshindwa Kujila

Kazi yangu ni kuishindisha hamira njaa. Naikuza kwenye chupa yenye sukari na kila inachopenda, kisha naiosha na kuihamishia kwenye maji yasiyo na naitrojeni, nione itafanya nini. Seli ya hamira ikikosa chakula haifi papo hapo. Inakusanya vitu vyake vilivyochakaa, inavifunga kwenye kifuko, inavipeleka kwenye chumba chake cha kumeng'enyea na kuvila. Kujila huko ndiko wataalamu wanakokuita autofaji. Mimi nafuatilia protini zinazofanya shughuli hiyo. Moja tumeiunganisha na protini nyingine inayong'aa kijani, na nikiimulika kwa mwanga wa buluu chini ya hadubini naona ilipo na inakoelekea.

Ni hamira ileile ya maandazi. Nalisema mapema kwa sababu nimekutana na watu wazima waliokataa kuliamini.

Kila jaribio lina seli za kulinganishia, ambazo tumezinyima jeni moja ili zisiweze kujila. Katika hamira nzima, ule ukijani huishia kwenye chumba cha kumeng'enyea na kutanda humo kama ukungu. Katika zile tulizoziharibu mzigo unakwama mlangoni, kwa hiyo seli inabaki na nukta moja kali, kwingine giza. Kwa macho ya asiyejua, hizo mbovu ndizo nzuri. Binamu yangu alipouliza kwenye kundi la ukoo ninafanya nini siku zote huko Dar es Salaam, nilimtumia picha ya hizo mbovu. Akaisambaza kwa kujivuna, na ndivyo ilivyomfikia bwana mmoja.

Yule bwana nilisoma naye sekondari Bariadi. Alikuwa kiranja wa chakula, na katika uongozi wake maharage yalipungua sufuriani huku yeye akinenepa. Baadaye aliuza kava za simu stendi, kisha akauza viwanja vilivyokuwa na wenyewe, kisha akapotea. Aliporudi alikuwa na suti na cheo cha Dokta, na hakuna aliyemuuliza udaktari wa nini. Alifundisha kufunga. Ukikaa bila kula, aliwaambia watu, unaamsha "otofeji", na otofeji inakula kisukari, presha, uvimbe na uzee. Ukimaliza unakunywa unga wake. Niliuonja huo unga. Ni mlonge uliochanganywa na kitu kama majivu.

Mteja wake mmoja alikuwa shangazi yangu, mkulima wa pamba wa Dutwa, mjane, mgonjwa wa kisukari na mtu wa kutii. Nesi alimwambia asiruke vidonge hata siku moja, hakuruka. Dokta wa unga alimwambia asile, hakula. Aliwatii wote wawili kwa pamoja, sukari ikashuka, akaanguka katikati ya pamba. Jirani alimpakia kwenye bodaboda hadi kituo cha afya, wakamtundikia dripu.

Nilipanda basi. Nilimkuta ameketi kitandani, nikamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, shangazi."

"Mwadila, ng'wanawane, mwanangu. Mbona umekonda?"

"Tuache mimi. Kwa nini hukuwa unakula?"

Alinishangaa. "Si ni dawa yako?" Akafungua fundo la kitenge, akatoa kopo. Kwenye lebo kulikuwa na picha yangu, nukta za kijani juu ya weusi, na chini yake uso wa yule bwana. "Alisema imetoka kwenye maabara ya mtoto wetu. Nikasema, kama ni ya mtoto wetu naanzaje kuikataa?"

Nilitoka nje nikaulizia yule bwana anafundishia wapi.

Jumamosi nilikwenda kwenye semina yake, katika ukumbi wa Bariadi unaokodishwa kwa harusi. Mstari wa mbele walikaa walimu wawili na ofisa kilimo mstaafu, wote wanaandika. Ukutani ilimulikwa kwa projekta picha yangu, kubwa kama mlango.

"Tazameni nyota hizi," alisema yule bwana. "Mwili uliofunga unawasha taa zake."

Nikasimama. "Hiyo picha nimeipiga mimi."

Alinitambua. Akatabasamu. "Ndugu zangu, Mungu ni mwema! Dada wa maabara mwenyewe yuko hapa! Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Nikangoja wachoke.

"Hiyo ni hamira," nikasema. "Hamira ya maandazi. Na hizo ulizochagua ni zile zilizoshindwa kujila. Hizo nukta ni mzigo uliokwama."

"Mnasikia? Hata hamira! Kama kijidudu kinaweza, sembuse wewe, mwana wa Mungu?"

"Nimesema haziwezi."

"Haziwezi kwa sababu hazijatumia unga!"

Ukumbi ulicheka kwa raha, walimu nao wakicheka. Watu waliosomea ualimu, wanaosahihisha mitihani ya watoto wetu.

Nikapaza sauti. Niliwaambia kuhusu shangazi, kwamba alifunga huku anameza vidonge, na kwamba mwenye kisukari asijaribu kabla ya kuzungumza na daktari wa kituo chake. Ofisa kilimo mstaafu aligeuka, kalamu mkononi.

"Binti, kuwa na adabu. Wewe umesomea vidudu. Mwenzio amesomea watu."

Baada ya hapo hakuna aliyenisikiliza. Nilipofika uani mama mmoja wa makamo alikuwa ananifuata, anatembea kwa kushika ukuta, jasho likimtoka.

"Na mimi nameza vidonge," alisema kwa sauti ya chini. "Tangu jana sijala. Nifanyeje?"

"Ule. Sasa hivi."

Nilimshika mkono hadi kwenye banda la chai, nikakaa naye mpaka alipomaliza chai ya sukari na chapati. Jasho lilipomkauka tukaenda kituo cha afya. Katika ukumbi mzima ndiye peke yake niliyemheshimu.

Nilipeleka malalamiko ofisini kwa mganga mkuu wa wilaya, nikaahidiwa kwamba suala litafanyiwa kazi. Halikufanyiwa. Yule bwana alihama mwenyewe kwenda Mwanhuzi, watu wa Bariadi walipoanza kudai uponyaji wao, na nasikia huko anajaza ukumbi vilevile.

Shangazi aliruhusiwa, akarudi kwa nesi wake na kula kwa wakati. Unga aliwamwagia kuku, nao wakaupita bila kuudonoa. Siku ya mwisho kabla sijaondoka tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga barazani, nami nikawa namsema yule bwana kwa majina yote niliyoyajua. Shangazi aliniacha nimalize.

"Usimtukane," alisema. "Alikuwa anasalimia vizuri. Anauliza habari za mifugo, anauliza mvua. Wewe nimeambiwa uliingia ukumbini, ukaanza na picha yako. Hukumsalimia mtu."

Niliendelea kutafuna. Ni kweli, sikusalimia. Na wale walimu wawili hata leo nikikutana nao stendi ya Bariadi napita bila salamu.