Mkate Nilioula Nimesimama

Nakumbuka siku moja tulipokwenda Homa Bay kumwona mwenzetu aliyefiwa na mume. Wakati huo, mwanangu, nilikuwa bado nabeba gunia la mahindi peke yangu, ingawa kidole cha mguu kilikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Nilikuwa nakaanga mandazi kule Osiri, nauzia wachimba dhahabu: moja lao, moja langu, chai vijiko sita vya sukari. Daktari akasema niache sukari na unga mweupe, ama mguu uende. Kupunguza nilishajaribu. Mimi nikionja moja sisimami. Wengine wanaweza, marehemu mume wangu alikuwa anaacha nusu andazi kwa sahani, anaenda zake shambani. Sijui alikuwa mtu wa aina gani.

Aliyenishika mkono ni Min Atieno, yaani mama yake Atieno, mkubwa wa kikundi chetu cha akina mama Uriri, mgonjwa wa kisukari kama mimi. Kila asubuhi nilipita kwake nimwambie nitakula nini siku hiyo: ugali wa wimbi, mboga ya osuga, samaki. Nikishasema, sibadilishi. Kidonda kikaanza kufunga.

Sasa, kwa mfiwa huendi mikono mitupu. Tulichanga mikate mitano na sukari, nikapewa mimi kikapu nikiweke mpaka wenzangu wafike. Nikafagia uwanja. Nikafagia tena. Nikakihamishia kikapu jikoni, nikakirudisha. Nikajiambia nitanusa tu. Mwanangu, nilikula mkate mzima nyuma ya choo, bila hata maji.

Kule kwa mfiwa vitu hutolewa mbele ya wenyeji, kimoja kimoja. Min Atieno akatoa mkate wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, kisha mkono ukabaki ndani ya kikapu. Hakuniangalia. Akasema tu kwamba hiyo ndiyo mikate ya akina mama wa Uriri, akakaa. Na aibu yenyewe ni hii: nilikuwa nawaza watakata lini ile minne.

Akaniita nje.

"Nyathina," akasema, maana aliniita mtoto wake, "uliula umekaa ama umesimama?"

"Nimesimama."

"Basi hiyo haikuwa njaa. Ungekuwa na njaa ungetafuta pa kukaa."

Nikamwambia nitaanza upya Jumatatu. Akacheka.

"Jumatatu ina nini ambacho leo haina? Chai inakuja sasa hivi. Sema utakula nini."

Nikasema. Nikarudi ndani, nikaomba chai isiyo na sukari na kipande cha nduma ya kuchemsha. Mjane, na machozi yake, akaniuliza kama nimehamia kanisa jipya. Watu wakacheka, mikate ikapita chini ya pua yangu, nikashika kikombe kwa mikono miwili.

Mguu ninao, huu hapa. Lakini usidhani nimetulia. Hata juzi Rongo, harufu ya mandazi iliponifikia, nilitembea kama mtu anayekimbia mvua.

Kwa hivyo nawe mwenye ugonjwa huu, tafuta mtu mmoja, umwambie chakula chako kabla hujakila. Ukianguka, mwambie siku hiyo hiyo, na usijinyime chakula kujiadhibu. Kula kinachofuata, kile ulichosema. Kiliniki usikose. Na kikapu cha mikate ya wengine, kataa kukiweka kwako.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mtu wa kukuuliza bila kukudharau, na miguu yako yote miwili ikufikishe uzeeni.