Pini Kumi na Tatu za Bi Cheche

Siku hizi hakuna anayepaza sauti pale gereji. Kwa miaka mingi mtaa uliamshwa na maneno yale yale: "Kanyaga! Achia! Kulia! Nimesema kulia, mbona unanipa kushoto?" Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa akifungua duka kwa sauti hiyo, bila kutazama saa. Sasa lango la bati limefungwa mnyororo, paka analala juu ya betri iliyokufa, na kinyozi anachelewa kazini.

Mwenye sauti hiyo ni Bi Cheche, fundi umeme wa magari, mwanamke mfupi wa mabega mapana, vidole vimejaa makovu madogo ya moto. Mfuko wa kifua wa ovaroli yake haukukosa taa ya kupimia: balbu ya indiketa iliyofungwa waya mbili, aliyojitengenezea tangu anajifunza kazi. Akitaka kujua kama waya una umeme, aliukata, akaugusisha balbu. Ikiwaka, aliridhika. Kipimo kingine hakukiamini.

Aliyekuwa akikanyaga breki na kuachia ni mumewe, dereva mstaafu wa basi la shule, mwanamume mrefu aliyezoea kungoja watoto wafunge kamba za viatu. Katika kukaa kwake nyuma ya usukani na kumtazama mkewe kwenye kioo, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mkewe aliyaandaa magari ya watu waliokwenda mbali, akayasindikiza kwa macho mpaka konani, kisha akarudi kwenye waya zake. Alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, aliyeolewa mbali, mwendo wa siku mbili. Hawakuwa wameonana tangu mama yao azikwe. Na kilichomzuia, mume alijua, ni yeye mwenyewe. Mume ana sukari, anachoma insulini, na dawa hiyo haitaki joto. Walijaribu safari moja na kasha la barafu. Adhuhuri barafu ikawa maji ya kunawa na dawa ikamwagwa. Tangu siku hiyo Bi Cheche hakutaja tena habari za dada. Kutotaja huko ndiko kulikomuuma mumewe.

Ndipo walipopata karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu mawili inayovutwa na gari, mali ya mwalimu mmoja aliyechoka nayo. Ina kitanda, jiko na friji ndogo. Kilichobaki ni kuunganisha umeme wake na wa gari lao.

Dukani kwa muuza vipuri, mume alichukua soketi ya pini saba, tundu la kupitishia umeme wa gari hadi kwenye karavani.

"Hii inatosha, mama watoto. Taa zote zinawaka."

"Saba ni za mkokoteni wa matofali," alisema Bi Cheche. "Sindano zako zitapozwa na indiketa?"

"Mimi nasema tu..."

"Wewe sema na breki. Umeme niachie mimi." Akaiweka pembeni, akachukua ya pini kumi na tatu. "Humu kuna waya wa kuchaji betri ya karavani, na wa kuendesha friji muda wote injini ikiunguruma. Friji, baba. Umesikia?"

Muuza vipuri alikohoa. "Hizo ziko seti mbili za waya, mama. Hii unaunga kwenye gari lolote. Hii nyingine ni ya gari lenu hasa, inazungumza na kompyuta yake."

"Izungumze nini? Nataka iwake, sitaki hadithi."

Akabeba ile ya kwanza.

Kazi ilikuwa safi, kama kazi zake zote. Alikata, akapima kwa balbu, akaunga, akafunga tepu nyeusi kwa mkono usiotetemeka. "Kanyaga!" Taa za karavani zikawaka. "Kulia!" Ikakonyeza kulia. Kinyozi akapiga makofi mlangoni. Mume alitia chupa ya maji ndani ya friji, na kipimajoto kando yake, wakatoka kuzunguka mji.

Hawakufika mbali. Dashibodi iliwaka taa za rangi zote, gari likalalamika kwamba balbu zimeungua, na wakirudi nyuma likalia mfululizo, maana liliiona karavani kama ukuta unaotaka kuligonga. Waliporudi, mume alifungua friji. Akaigusa chupa. Ilikuwa vuguvugu.

"Si neno," alisema. "Tutakuwa tunakwenda karibu karibu. Asubuhi twende, jioni turudi. Dada yako ataelewa."

Alitarajia matusi. Bi Cheche angetukana gari, kiwanda, na mwalimu aliyewauzia karavani. Badala yake alikaa kwenye ngazi ya karavani, mikono magotini, akaitazama barabara. Mume hakuwahi kumwona amekaa mchana.

Kisha akainuka. "Washa gari. Twende kwa Profesa."

Profesa alikuwa fundi wa barabara ya pili, aliyefundwa na Bi Cheche mwenyewe. Alipoanza kutengeneza magari kwa kompyuta, Bi Cheche alimtangaza mtaa mzima kuwa fundi wa kwanza duniani anayekwenda kazini na shati jeupe na kurudi nalo jeupe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo usiniite mwalimu. Na wewe," alimgeukia mumewe, "acha kucheka."

"Sijacheka."

"Mabega yako yanacheka."

Profesa alilala chini ya buti la gari, shati jeupe na yote, akamulika. Akaguna kwa adabu, kama mtu aliyekuta chumvi nyingi kwenye chakula cha mama mkwe.

"Semea huko huko chini," alisema Bi Cheche.

"Uungaji mzuri, mwalimu. Mzuri mno. Ila gari hili linapima umeme wa kila taa. Ukiliongezea taa za karavani kwenye waya ule ule, linadhani ni hitilafu, linakata. Kwa hiyo friji nayo inanyimwa. Na ile balbu ya mfukoni..."

"Balbu imefanya nini?"

"Inavuta umeme mwingi kwa waya hizi nyembamba. Magari ya zamani yaliivumilia. Haya mapya yanashtuka."

Mume alijiandaa kutenganisha ugomvi. Bi Cheche alikuna kidevu, akaacha alama ya grisi.

"Kwa hiyo ile seti nyingine ndiyo yenyewe."

"Ndiyo. Unaifunga wewe, mimi naliambia gari kwamba sasa lina karavani. Lisipoambiwa, halijui."

"Kama mume wangu."

"Kabisa, mwalimu."

Waya za zamani zilirudishwa zilivyokuwa, mkato kwa mkato, na hilo lilimchukua Bi Cheche muda mrefu kuliko kuzikata. Seti mpya ikaingia. Profesa akachomeka kompyuta yake, Bi Cheche akasimama begani mwake akiuliza kila kinachopita kwenye kioo, mpaka Profesa akamwachia kiti abonyeze mwenyewe.

Walizunguka tena mji, safari hii mpaka mashamba yalipoanza. Dashibodi ilitulia. Mume aliegesha, akaenda nyuma peke yake, akarudi ameficha mkono. Akaiweka chupa shingoni mwa mkewe.

Bi Cheche alipiga yowe, kisha akaishika ile chupa ya baridi kwa mikono miwili, akaing'ang'ania. Macho yake yalikuwa mekundu, akasingizia vumbi.

"Mpigie dada yako," alisema mume.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie apike chakula kingi. Bila sukari."

Sasa Bi Cheche yuko kwa dada yake. Karavani imeegeshwa uani, na hawajapanga siku ya kurudi.