Simu Zilipokaa Sufuriani

Jumapili za utoto wangu zilinukia makoti mabichi. Tulirudi kanisani tumelowa, maana baridi ya Hayes haijui kuja bila manyunyu, na Mama aliyatandaza makoti yote juu ya vile vyuma vya kupasha nyumba joto mpaka sebule ikajaa mvuke wa sufu, ukichanganyika na vitunguu vya pilau vilivyokuwa vikikaangwa jikoni. Kila baada ya dakika chache ndege ilipita juu ya paa ikienda kutua Heathrow, na vikombe vya kabatini vilitetemeka kidogo kisha vikatulia. Mgeni wa mara ya kwanza alitazama dari. Sisi tulitazama sufuria. Ilikuwa sufuria kubwa ya alumini ambayo Mama alitoka nayo Kilifi ndani ya sanduku la nguo, na kila Jumapili saa nane mchana iliwekwa mezani tupu, ili kila aliyeingia atie simu yake humo. Baba aliifunika, akaweka kitabu cha nyimbo juu ya kifuniko. Hakikuwa pale kwa dharau, bali kwa uzito.

Sababu ya yote hayo ilikuwa dada yangu Sidi. Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye kumi na tisa, na alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja huko Marekani akicheza mpira wa kikapu kwa ufadhili uliomlipia masomo, kitanda na chakula. Chuo chake kilikuwa katika ligi ya kanda, vyuo kumi vya wasichana vilivyokutana nyumbani na ugenini msimu mzima wa baridi. Mechi zao zilichezwa Jumamosi, wakati sisi London tumeshalala. Kwa hiyo tulizitazama kesho yake, kompyuta ikiwa imeunganishwa na televisheni, na sharti la kwanza la nyumba lilikuwa kwamba asiwepo mtu anayejua matokeo. Aliyechungulia simu alihesabiwa mharibifu, sawa na anayefunua chungu pilau halijaiva. Mama Esperansi aliwahi kuchungulia mara moja, uso ukamsaliti tangu mpira wa kwanza kurushwa, na alisimangwa mwezi mzima.

Mama Esperansi alikuwa jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa Bukavu, aliyesafisha maofisi alfajiri na kuimba kwaya Jumapili. Hakuwa amewahi kushika mpira wa kikapu maishani mwake, lakini alikuwa na jicho. Mwingine alikuwa Mzee Ramesh, mzaliwa wa Kisumu, mwalimu mstaafu wa hisabati aliyemfundisha Sidi sekondari. Huyu alipanda basi kutoka Stanmore na kopo la chevda, vile vitafunio vikavu vya Kihindi, mkononi, kwani mkono mtupu haulambwi. Baba alipakia mizigo katika ghala karibu na uwanja wa ndege, ingawa kule Kilifi alikuwa mwalimu wa michezo, na Mama alikuwa mlezi wa wazee majumbani mwao. Watu wanne wazima na mimi. Ungetusikia ungedhani timu zote kumi zilikuwa zikisubiri uamuzi wetu ndipo zipange vikosi.

Tulikuwa na utaratibu wetu, na mpaka leo sijauona mahali pengine. Msimu ulipoanza, namba za wachezaji ziliandikwa kwenye vikaratasi, vikakunjwa, vikatiwa katika sufuria ileile, na kila mtu akachota mmoja wa kumlea. Mchezaji uliyemchota alikuwa wako mpaka mwisho wa msimu, awe wa timu yetu au wa mahasimu. Baada ya mechi mlezi alisimama mbele ya televisheni, akataja kwanza jambo jema alilolifanya mtoto wake, hata kama ni kumwinua mwenzake aliyeanguka, ndipo akataja kosa, ndipo akampa alama kati ya kumi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, Mama alikuwa akisema. Mzee Ramesh akaongeza sharti la pili: mzazi hapimi mwanawe, wala hasemi neno juu yake, kwa sababu mwamba ngoma huvutia kwake. Baba na Mama waliapa mbele ya chevda. Baba akachota mlinzi mmoja mrefu wa timu iliyoongoza kanda, msichana asiyemjua hata kwa jina la ukoo, akamlea kwa moyo mmoja. Mimi nilifunua kikaratasi changu nikakuta namba kumi na mbili. Alikuwa Sidi.

Walicheka sana. Mama alitaka nichote tena, lakini Mzee Ramesh alikataa akisema dada si mzazi, na kwamba hakuna msema kweli kama mdogo wa mtu. Alikuwa na haki. Nilimpima Sidi kama hakimu asiye na ndugu. Nilisema ana mikono myepesi kwenye ulinzi, nilisema anapiga chenga moja zaidi ya inayohitajika, nilisema akikosa kikapu analegea. Nikampa sita, nikampa tano. Baba alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono imekunjwa, akitazama zulia. Mama alikimbilia jikoni kila zamu yangu ilipofika, kwa sababu alijijua. Baba hakukimbia. Alinyamaza tu, na nilimheshimu kwa hilo, kwani niliona ni sheria anaitii.

Kila Jumapili kabla ya chakula cha jioni Sidi alipiga simu, nami nikiwa mlezi wake nilimsomea hukumu. Alicheka, alinitania, aliniita kocha. Kisha kila mara aliuliza swali moja, sauti imeshuka kidogo. "Na Baba je? Baba alisemaje?" Nami nilijibu ukweli mtupu: "Baba hakusema kitu." Basi. Sharti la Mzee Ramesh liliwekwa sebuleni kwetu wakati Sidi akiwa ng'ambo, na haikunipitia akilini kabisa kwamba hakulijua. Mtoto hudhani yote anayoyajua yanajulikana na dunia nzima. Jumapili baada ya Jumapili nilimpelekea dada yangu kimya cha baba yake, nikikifikisha kwa uaminifu kama barua.

Baada ya Krismasi alianza kuharibika. Dakika zake uwanjani zilipungua, kumi na tano zikawa tisa, tisa zikawa nne. Mzee Ramesh alifanya hesabu zake pembezoni mwa gazeti akatikisa kichwa. Mama Esperansi ndiye aliyeona. "Huyu mutoto haiko mubaya," alisema siku moja, akisahau kwamba si wake kumlea. "Anaogopa. Angalieni, kila akikosa anageuza uso kando, sawa mutu anatafuta mutu." Nilitazama tena nikaona ni kweli. Sidi alirusha, akakosa, na kabla ya kurudi kukaba alitupa jicho ukingoni mwa uwanja, mahali ambapo baba za wasichana wengine walikuwa wamesimama wakipiga kelele. Niliandika hilo kama kosa. Nikampa nne.

Jumapili hiyo Sidi hakucheka. Aliniambia kwamba kocha amemwita ofisini, kwamba ufadhili wake utaamuliwa msimu ukiisha, na kwamba yeye hana haja ya kungoja. Angerudi nyumbani, atafute kazi ya ghala kama Baba. "Baba mwenyewe haoni kitu kwangu, Kadzo. Msimu mzima hata neno moja! Usimwambie mtu." Nikaahidi. Nilibeba siri hiyo siku saba, nami nilikuwa mtoto asiyeweza kubeba hata zawadi ya siku ya kuzaliwa bila kuitangaza. Shuleni nilipewa mazoezi ya kugawanya nikagawanya vibaya yote. Nilikuwa nimeanza kuhisi, bila kuweza kulisema, kwamba mimi ndiye niliyevunja kitu.

Jumapili iliyofuata makoti yalikuwa juu ya vyuma, simu zilikuwa sufuriani, kitabu cha nyimbo kilikuwa juu ya kifuniko. Baba alikuwa anainama kuwasha kompyuta. Nikasimama mbele ya televisheni kama mlezi, mechi haijaanza. Nilisema, "Namba kumi na mbili anataka kuacha. Anarudi nyumbani. Anasema Baba haoni kitu kwake, kwa sababu kila akiuliza mimi namwambia Baba hakusema." Kisha nikalia kwa sauti ya aibu kabisa. Ndege ikapita, vikombe vikatetemeka, kisha vikatulia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilikuwa nimesikia msemo huo mara nyingi bila kujua unazungumzia nini.

Mzee Ramesh ndiye aliyesema kwanza. "Mwalimu," alimwambia Baba, na hakuwa amewahi kumwita hivyo, "ile sheria yangu ilikuwa ya mchezo. Nisamehe." Baba alikiondoa kitabu cha nyimbo, akakiweka juu ya kiti kwa uangalifu, akafunua sufuria. Sote tulijua maana yake. Yule mtu aliyewahi kumfukuza mgeni sebuleni kwa kutaja matokeo alichukua simu yake mwenyewe, macho wazi, ujumbe wa matokeo ukiwa umejaa kwenye kioo, akampigia mwanawe. Kule ilikuwa asubuhi.

"Sidi mwanangu," alisema, "keti." Kisha akaanza. Alianza na mechi ya kwanza ya msimu. Alimweleza mpira alioupora robo ya tatu, mguu gani ulitangulia, jinsi alivyoinamisha bega. Alikwenda mechi ya pili, ya tatu. Alisogeza meza kwa goti, akiwa na soksi tu, akachuchumaa kwenye zulia kuonyesha ulinzi wa Sidi kwa watu wa sebuleni kana kwamba simu ilikuwa na macho. Hakuruka mechi hata moja. Makosa pia aliyasema, na makali kuliko yangu, lakini kila moja alilitanguliza na jema lake. Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, analia wazi. Pilau liliungua chini, na Mama Esperansi akaenda kulizima bila kuambiwa. Alipomaliza, Baba akasema, "Nilikuwa nakuona, mama. Kila dakika nilikuwa nakuona." Upande wa pili tulisikia kilio, kisha kicheko ndani ya kilio, kisha Sidi akasema kwamba jana walifungwa, naye alicheza dakika nne.

Tukaitazama mechi hiyo matokeo tukiyajua, tukila ukoko. Katika zote za msimu ule ndiyo ninayoikumbuka vizuri zaidi.

Nisiwadanganye kwamba Sidi aligeuka nyota. Timu yake ilitolewa nusu fainali ya kanda, na yeye hakuwahi kupita kuwa mchezaji wa akiba mwenye ulinzi mzuri. Lakini katika mechi tatu za mwisho alikosa vikapu kadhaa, na kila alipokosa alirudi kukaba moja kwa moja. Niliandika hilo kwanza, kabla ya kosa. Ufadhili ulibaki, shahada akaipata, na leo anatibu viungo hospitalini hapahapa London. Siku hizi matokeo yanakufikia kabla hujaamka, na watu wasiomjua mtoto wa mtu wanampima hadharani kwa maneno ambayo Mama asingeruhusu yaingie sebuleni. Ninapoyasoma nashukuru kwamba nilifundishwa kupima na watu wanne na sufuria moja. Mzee Ramesh ametangulia mbele ya haki. Mama Esperansi bado anaimba. Sufuria ninayo mimi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda ukumbini kumtazama binti wa Sidi, mwenye miaka sita, katika mechi yake ya kwanza. Baba, mvi tupu sasa, alikunja mikono kwa mazoea, akaniuliza kama sheria ya Mzee Ramesh bado ipo. Nikamwambia ilihusu mzazi, si babu. Mtoto akarusha mpira, ukapita chini kabisa ya kikapu, naye akageuza uso kando kututafuta. Alimkuta mama yake anapiga kelele, mimi napiga kelele, na babu yake amesimama juu ya benchi akisifu mguu wake wa kushoto kwa Kiswahili cha Kilifi. Mtoto alimjibu kwa Kiingereza, bila kusimama, kwamba amesikia, kila mtu amesikia, kisha akakimbia kurudi kukaba.