Kibonde Mbele ya Banda la Uji

Wivu wangu ulianzia kwenye lami. Wenzangu huanza kuona wivu baada ya kunong'onezwa na majirani. Mimi niliuona kwa macho yangu, barabarani, nikiwa na karai la kokoto mkononi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa kibarua wa barabara kuu ya Nakuru kwenda Nairobi, upande wa Lanet. Kando ya barabara msichana mmoja aliuza uji wa wimbi chini ya paa la mabati. Baba yake alifanya kazi stesheni ya reli, na huko kwetu magharibi kijiji chao kilitazamana na chetu, mto katikati. Nilikuwa nimekata shauri: mavuno yakiisha, mjomba wangu aje kuniposea. Msichana mwenyewe sikuwa nimemwambia neno. Nilidhani anaijua nia yangu, maana kila asubuhi alinijazia kikombe mpaka ukingoni. Wanasema subira huvuta heri. Yangu ilivuta lori.

Mbele ya banda lake lami ilianza kubonyea. Kilikuwa kibonde kirefu, upana wa matairi mawili ya nyuma. Tulikiziba kwa kokoto na lami ya moto, kikarudi palepale. Mvua ikanyesha, maji yakatuama, nyufa zikafunguka na mawe ya chini yakaanza kulegea. Nyapara wetu alinifokea mimi, kwa kuwa kipande hicho kilikuwa changu.

"Hii lami haiwezi zama bure," alisema. "Gari kidogo inapita tu, haina neno. Lakini lori ya mzigo ikisimama hapa na jua kali, lami inakuwa laini, magurudumu ya nyuma inaingia pole pole. Na ikisimama kila siku pahali pamoja? Kijana, tafuta nani anasimama hapa."

Mchana kikosi chetu huwa mbali, mbele zaidi. Kesho yake nilijisingizia mtaro wa kuzibua, nikabaki karibu na banda.

Lori lilikuja jua likiwa kali, limebeba mbao za Molo hadi springi zimelala. Magurudumu ya nyuma yaliingia kwenye kibonde kama ng'ombe anayejua zizi lake. Dereva, kijana wa Kuresoi mwenye kofia iliyosukumwa kisogoni, akateremka, akaketi kwenye kibao ambacho asubuhi nilikuwa nakikalia mimi. Alikunywa kikombe, akaongezwa kingine. Mwenye kiu hanywi uji hivyo, funda moja moja, akipuliza uliokwisha poa. Msichana alicheka kicheko ambacho sikuwa nimewahi kukisikia, na mimi nilikuwa nimemchekesha sana, au ndivyo nilivyodhani. Roho iliniuma.

Tangu siku ile kila asubuhi niliweka kiganja ndani ya kibonde. Kibonde kikiwa kimeongezeka kina, nilijua jana dereva alikaa sana.

"Kaka, mbona leo humalizi uji?" msichana aliniuliza.

"Umeingia jivu," nikamjibu. Haukuwa na jivu.

Mwishowe nyapara akaamuru tuchimbe mpaka chini na kuanza upya. Nilichagua mawe magumu kuliko yote, nikayashindilia kwa hasira, kila pigo likiwa la kichwa chenye kofia. Rola ilikuwa mbali, Gilgil, na rola isipokuwepo desturi yetu ilikuwa kusimamisha lori lolote lenye mzigo likanyage kiraka hadi kilale. Nyapara akainua bendera nyekundu. Kati ya malori yote ya Bonde la Ufa, likatokea lile.

Dereva akakanyaga kiraka changu, akarudi nyuma, akaja tena.

"Bwana barabara, nirudi?"

"Rudi," nilisema, nikitazama chini.

Msichana alikuwa ameacha sufuria motoni, amesimama kando akipiga makofi. "Bado! Huu upande! Pole pole!" Kazi niliyoitolea jasho tangu alfajiri aliimaliza yule akiwa amekaa, na makofi akapata yeye.

Lori lilipoondoka, msichana aliniletea kikombe kilichojaa.

"Kaka, Jumamosi usiende mahali. Kuna wageni wanakuja kwa baba. Wewe ni mtu wa nyumbani, utakaa na ndugu zangu uwaulize hao wageni maswali."

"Wageni gani?"

Akatazama kule lori lilikoelekea, akatabasamu. Ule uji niliumaliza wote, kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kufanya na mdomo wangu.

Jumamosi nilikwenda. Niliketi upande wa ndugu wa bibi harusi, nikala kuku, na zamu yangu ilipofika nikamuuliza mposaji kama ana nyumba. Alikuwa nayo, tena ya mabati. Mjomba wangu nikampelekea salamu kwamba asijisumbue na safari.

Banda likang'olewa, msichana akahamia Kuresoi. Mvua zikaja, jua likaja, malori ya mbao yakapita. Asubuhi moja nyapara alisimama juu ya kiraka changu, akakipiga kwa kisigino, akawaita wenzangu.

"Mnaona? Huyu ndio fundi. Miezi yote, na haijazama hata kidogo."

Nikamshukuru, nikachukua karai langu. Hapakuwa na lori lililosimama hapo tena.